Mafuta Yaliyorejea: Namna ya Kuyazuia Mafuta ya Kujipaka Yasichache

Ndugu Wanachama,

Aghalabu ukurasa huu huwa wa habari za karafuu: bei, majamvi, magunia, na miche ya kupanda. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze habari za mafuta ya nazi ya kujipaka, ambayo akina mama wa matawi yetu huyapika na kuyatia karafuu, langilangi na asumini. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya jikoni, hayamhusu mwenye shamba. Twawaomba wasome mpaka mwisho, kwani jambo lenyewe limetugusa mfukoni, na tena limegusa jina la chama.

Mwezi wa Julai lilirejea sanduku moja bandarini Mkoani. Ndani yake mlikuwa na chupa 48 za mafuta, zile zile tulizozipeleka Unguja wiki sita kabla yake. Mwenye duka alituandikia barua fupi ya adabu. Alisema kwamba wateja watatu wamemrudishia mafuta, kwamba yeye mwenyewe amefungua chupa nyingine akaona harufu si nzuri, na kwamba hana neno baya na sisi ila hawezi kuuza kitu kinachonuka. Hakudai fidia. Alitaka arudishiwe fedha zake tu, na tulimrudishia.

Fedha hizo zilikuwa zimekwisha gawanywa. Mkarafuu, kama mjuavyo, hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka huu huinamisha matawi, mwaka wa pili huwa kama uliochoka. Katika mwaka mdogo nyumba nyingi hukazwa, na ndiyo sababu akina mama saba wa tawi moja walianza kazi hii ya mafuta. Mmoja wao alikuwa amekwisha nunua sare za watoto wawili. Mwingine alikuwa amelipa deni dukani. Kuwaendea na kuwaambia kwamba fedha zinatakiwa zirudi halikuwa jambo jepesi, na katika kazi zote za uandishi wa chama hatukumbuki siku iliyotuelemea kama ile.

Basi tuliona haitoshi kusikitika. Tulikaa, tukauliza, tukasoma, tukajaribu, na leo twawaleteeni tuliyoyapata.

MAKOSA YALIKUWA YETU

Siku ya pili yake tulikwenda kwa bibi mmoja mzee ambaye amepika mafuta ya nazi tangu usichana wake. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, tukamfungulia chupa moja. Aliinusa mara moja tu, akaifunga.

"Mwanangu," alituambia, "haya yananuka beberu. Mliyatia chupani yana maji."

Tulitaka kubisha, lakini tulipoiinamisha chupa tuliona kwenye kitako chake tone moja la maji lililoviringika, na pembeni yake utando mweupe kama wingu. Bibi hakuwa na haja ya kusema zaidi.

Tulipokumbuka siku tuliyoyatia mafuta chupani, tuliyaona makosa yetu moja baada ya moja. Chupa zilioshwa asubuhi, na mafuta yakatiwa kabla ya adhuhuri, kwa sababu meli ilikuwa inangojwa na sisi ndio tuliohimiza watu wafanye haraka. Chupa zilikuwa nyeupe, zenye kupitisha mwanga. Yalikuwako masalio ya mafuta ya mwezi mwingine, tukaona ni vibaya kuyatupa, tukayachanganya na mapya. Asumini ilitiwa mbichi, ikaachwa humo humo ndani ya chupa ili ipendeze macho. Tena chupa chache zilikaa siku nyingi dirishani kwa ofisi, juani, ziwe kielelezo kwa wageni.

Akina mama walipika vizuri. Sisi ndio tuliowaharibia. Tumeona ni haki jambo hili liandikwe katika ukurasa huu huu ambamo huandikwa mafanikio.

KUMBUKENI MPETA

Hakuna mkulima wa karafuu asiyejua mpeta. Karafuu mbichi ikichumwa ikaachwa imefungwa guniani, au ikirundikwa usiku kucha bila kuanikwa, hupata joto yenyewe kwa yenyewe, ikachacha, na ikikauka hutoka imesinyaa, rangi imepauka, harufu imepungua. Ukiianika mpeta jua la siku kumi, itabaki mpeta. Kosa lilifanyika siku ya kwanza.

Mafuta ni vivyo hivyo. Yakisha kuchacha hayana dawa. Ukiyachemsha tena, au ukiyatia manukato, utafunika harufu kwa siku chache, kisha itatoka tena juu ya ngozi ya mtu, naye ndipo atakapokasirika zaidi. Tena mafuta yaliyoharibika huweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu, hasa ngozi ya mtoto. Kwa hivyo kazi yote ni kuzuia, na kuzuia huanzia siku ya kupika.

NJIA MBILI ZA KUHARIBIKA

Wataalamu husema kwamba mafuta yameundwa kwa asidi za mafuta zilizoshikamana tatu tatu juu ya kitu kimoja kiitwacho gliseroli. Maadamu zimeshikamana, mafuta hayana harufu mbaya. Huharibika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya maji. Maji yakibaki ndani ya mafuta, pamoja na vijidudu au mabaki ya tui, zile asidi huachana na gliseroli, zikabaki huru. Katika mafuta ya nazi zimo asidi fupi fupi ambazo zikiwa huru hunuka sana. Majina yake ya kitaalamu ni kaproiki, kapriliki na kapriki, na yote matatu yametokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbuzi, kwa sababu ya harufu yake. Yule bibi hakusoma Kilatini, lakini pua yake ilimwambia neno lile lile. Ukungu nao ukiota juu ya mabaki ya tui, hutengeneza harufu nyingine, tamu tamu ya kuchukiza, ambayo wengi wetu tumeiona katika mbata zilizokauka vibaya.

Njia ya pili ni ya hewa. Oksijeni iliyomo katika hewa hushika mafuta mahali palipo dhaifu, na sehemu moja ikisha kushikwa huiambukiza ya pili, na ya pili ya tatu, mfano wa moto katika majani makavu. Mwanga huuwasha moto huo, joto huuchochea, na shaba au chuma chenye kutu huupulizia. Wataalamu hukisia kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, kazi ya namna hii huenda kiasi cha mara mbili ya kwanza. Chupa iliyo chini ya bati la moto, basi, huzeeka upesi kuliko iliyo kabatini.

Mafuta ya nazi yana bahati katika njia hii ya pili. Kiasi cha sehemu 90 katika 100 za asidi zake ni za aina ambayo oksijeni haiipati kwa urahisi. Ndiyo maana mafuta ya nazi makavu hukaa muda mrefu. Adui yake mkubwa ni maji, nasi tulimkaribisha adui huyo ndani.

KUPIKA MPAKA YANYAMAZE

Anzeni na nazi nzima zilizokomaa. Nazi yenye ufa, iliyoota, au yenye doa la ukungu ndani, iliwe au itupwe, lakini isitiwe katika mafuta ya kuuza. Ikunwe na kukamuliwa siku ile ile. Tui lisilale chunguni bila mpango, kwani hilo ni kama karafuu mbichi kulala guniani.

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, au ya alumini iliyo safi. Ya shaba, hata ikiwa nzuri namna gani, isitumike, wala chungu cha chuma chenye kutu.

Tui likichemka, maji huanza kuondoka na mafuta hupanda. Wakati huu mafuta husema. Kila pumba la maji linalopasuka hutoa sauti, na mpishi mzuri hupika kwa sikio kama anavyopika kwa jicho. Mashapo yakisha kuwa ya rangi ya dhahabu, epueni, chujeni kwa kitambaa safi kikavu, kisha yarudisheni mafuta peke yake motoni, moto mdogo, mpaka yanyamaze kabisa. Watu wengi huiacha safari hii ya pili ya motoni, na humo ndimo maji hubaki. Angalieni tu yasitoe moshi, kwani mafuta yaliyoungua yamekwisha kuanza kuharibika.

Namna ya kuyapima ni rahisi. Chukueni kifuniko cha kioo kilicho kikavu na baridi, kifunikeni juu ya mafuta yaliyo moto kwa dakika moja. Kikitoka na umande, maji bado yamo. Kikitoka kikavu, yametoka. Kipimo cha kimataifa cha Codex kwa mafuta ya nazi hakiruhusu maji na vitu vingine vinavyoruka kwa joto kuzidi 0.2 kwa 100. Katika kilo moja ya mafuta hizo ni gramu 2, hata nusu ya kijiko cha chai haifiki. Mnaona jinsi maji machache yanavyotosha kuleta balaa.

Mafuta yakisha kunyamaza, yafunikeni kwa kitambaa mpaka yapoe, kisha yafungeni yatulie usiku na mchana. Asubuhi ya pili yamiminieni polepole katika chombo kingine, na kile kidogo kilichobaki chini msikitamani. Kiacheni kwa matumizi ya nyumbani ya siku hiyo.

MAUA NA VIUNGO

Hapa twajua kwamba tunagusa mambo ya wenyewe. Kila nyumba ina desturi yake ya singo na mafuta ya bibi arusi, na hatutaki kumfundisha mtu kazi ya mama yake. Twasema hili moja tu: ua bichi ni maji. Asumini iliyochumwa alfajiri ina umande juu yake na maji ndani yake, na ikizamishwa katika mafuta hutoa maji hayo pole pole. Mafuta ya arusi hupikwa leo yakaisha wiki ile ile, kwa hivyo mama zetu hawakuona madhara. Mafuta ya kuvuka bahari na kukaa dukani yana hesabu nyingine.

Kwa ajili ya kuuza, basi, langilangi inyaushwe kivulini mpaka iwe laini na imepoteza maji mengi, ndipo itiwe katika mafuta ya uvuguvugu kwa saa chache, ichujwe yote, na mafuta yaachwe yatulie tena na kumiminwa kama tulivyosema. Asumini haivumilii moto, harufu yake hukimbia. Afadhali iwekwe katika mafuta ya kutumia nyumbani kwa wiki mbili, isipelekwe dukani. Wala ua lolote lisiachwe ndani ya chupa kwa sababu ya uzuri.

Karafuu nayo iwe kavu kama ile tunayoipeleka kituoni: ukiivunja ikatike kwa sauti, isipinde. Isiwe iliyoanikwa juu ya lami. Tumekwisha sema mara nyingi kwamba karafuu ya barabarani hubeba vumbi na mafuta ya magari, na hapa ubaya huo huenda moja kwa moja juu ya ngozi ya mtu. Karafuu hata ikiwa kavu namna hiyo bado ina unyevu kidogo ndani yake. Kwa hivyo, ikisha kukaa katika mafuta ya moto mdogo na kuchujwa, mafuta yasikizwe tena mpaka yanyamaze.

JE, KARAFUU HUZUIA KUCHACHA?

Hili ndilo swali tuliloulizwa zaidi, na twakiri kwamba tulitamani jibu liwe ndiyo, liwe fahari yetu.

Jibu lenyewe ni hili. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho yujinoli, nacho aghalabu huwa sehemu 70 mpaka 90 katika 100 za mafuta hayo. Yujinoli ni ya ukoo mmoja na dawa zinazotiwa katika mafuta ili kuzuia kazi ya oksijeni. Hujitoa yenyewe, ikashikwa na oksijeni badala ya mafuta, kama njia ya moto inayofyekwa kando ya shamba: moto ukifika pale hukosa cha kula. Kwa hivyo ni kweli, karafuu husaidia katika ile njia ya pili, njia ya hewa.

Lakini haikaushi maji. Mafuta yale yaliyorejea yalikuwa na karafuu, tena nyingi, na yalichacha vile vile. Tena kuna hadaa ndani yake: harufu ya karafuu ni kali, na huifunika harufu ya kuchacha siku za mwanzo. Sisi tulizinusa zile chupa kabla ya kuzipeleka, tukasikia karafuu, tukaridhika.

Tulijaribu wenyewe, kwa njia za kawaida, bila maabara. Tulitengeneza chupa nne kutoka sufuria moja. Ya kwanza ilikuwa na mafuta yaliyopikwa mara moja tu, katika chupa iliyooshwa ikatiwa ingali na unyevu. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo, ila ina karafuu. Ya tatu ilikuwa ya mafuta yaliyonyamaza, katika chupa kavu, bila karafuu. Ya nne ilikuwa kama ya tatu, ina karafuu. Zote tukaziweka rafu moja. Kabla ya mwezi wa pili kwisha, ya kwanza ilinuka, na ya pili ukiipaka kiganjani na kusugua, harufu ya beberu ilitoka nyuma ya ile ya karafuu. Ya tatu na ya nne mpaka tunapoandika haya ni salama, na hatuwezi kwa pua kuona tofauti ila manukato. Ukavu ndio uliotenda kazi.

Na tuwaonye juu ya mafuta yenyewe ya karafuu au ya makonyo, yale yanayotolewa kwa mvuke, kama yatokayo kiwanda cha makonyo kule Wawi. Hayo ni makali, wala hayafai kupakwa bila kuchanganywa. Katika chupa ya mililita 100 ya mafuta ya nazi, matone 10 ndiyo mwisho, na 5 yatosha. Kuzidisha hakuzidishi kinga, huzidisha kuwasha tu. Wako watu ambao ngozi yao haiipendi yujinoli hata ikiwa kidogo, na nchi za Umoja wa Ulaya huamuru jina lake liandikwe kwenye mafuta ya kujipaka ikizidi sehemu 1 katika 100,000. Nasi tuandike kwenye karatasi ya chupa: ina karafuu. Mtoto mchanga asipakwe.

MAFUTA MENGINE

Wako wanaochanganya mafuta ya nazi na mengine, na si vibaya, ila wajue tabia ya kila moja. Mafuta ya ufuta yana kinga yake ya asili, ndiyo maana hukaa kuliko mtu anavyotazamia. Mafuta ya nyonyo pia ni mavumilivu. Mafuta ya alizeti ya kawaida na ya habasoda hushikwa na hewa upesi, kwa hivyo yakichanganywa huufupisha umri wa chupa nzima. Chupa huishi kwa umri wa kilicho dhaifu ndani yake.

Kwa mchanganyiko wa namna hiyo, vitamini E husaidia: gramu 1 au 2 kwa kilo ya mafuta, itiwe yangali mapya na yamekwisha poa kiasi. Nayo pia ni njia ya moto tu. Haiui vijidudu, wala haiyafufui mafuta yaliyokwisha kuharibika.

Ama malai yanayochanganywa maji na mafuta, kama maji ya waridi au ya mshubiri, twawaomba msiyauze kabisa kwa sasa. Penye maji hapana budi pawe na dawa ya kuzuia vijidudu, yenye kipimo chake na ujuzi wake, na ujuzi huo hatujaupata bado.

CHUPA, MAHALI, NA DAFTARI

Chupa iwe ya kioo chenye rangi, ya kahawia au ya kijani. Ioshwe siku moja kabla, isuuzwe kwa maji yaliyochemka, ipinduliwe juu ya kitambaa safi, kisha ikaushwe juani mpaka ndani pasiwe na umande hata kidogo. Chupa na kifuniko vikauke vyote viwili, kwani mara nyingi chupa hukauka na kifuniko kikabaki na maji katika mikunjo yake. Kifuniko chenye kutu kitupwe. Plastiki laini isitumike kwa mafuta yenye karafuu nyingi, kwa sababu yujinoli huzilainisha baadhi yake.

Ijazeni mpaka shingoni. Nafasi iliyobaki juu ni hewa, na hewa ndiyo chakula cha ule moto. Chupa ndogo mbili ni bora kuliko kubwa moja, kwani kubwa hufunguliwa mara nyingi. Mtumiaji naye aambiwe amimine, asichovye kidole.

Masalio ya zamani yasichanganywe na mapya. Yale ya zamani yamekwisha kuwa na cheche, nawe wataka kuyatupia majani makavu. Tumelipa ada ya somo hili, wala hapana haja ya mwingine kulipa tena.

Wekeni mahali penye giza na baridi: chini ya meza, kabatini, mbali na meko na mbali na bati. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hivyo msishituke mkiyaona yamepauka na kuganda alfajiri za kipupwe, au mteja wa nchi ya baridi akilalamika kwamba yamekuwa kama samli. Huko ni kuganda tu, na yakiota joto hurudi. Mwambieni mapema asije akayarudisha bure.

Mwisho, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila sufuria ipewe namba, na kila chupa iandikwe namba hiyo na tarehe. Na katika kila sufuria chupa mbili zibaki kwetu ziwe mashahidi: moja iwekwe kivulini, na moja mahali pa joto karibu na bati. Ya joto itaharibika kwanza, na siku ikianza kunuka itatuonya kabla ya mteja kutuonya. Kila wiki mbili mtu mwenye pua nzuri, asiyejipaka manukato siku hiyo, apake tone moja kiganjani, asugue mpaka lipate joto, anuse. Yule bibi mzee amekubali kuwa mkaguzi wetu. Alisema hataki ujira ila chupa moja ya mafuta mazuri kila mwezi, na tumeona ni bei ya haki.

TULIPOFIKIA

Mafuta yaliyorejea hatukuyauza kwa mtu yeyote, ingawa palitokea waliotushauri tuyatie manukato mengine na kuyapeleka soko jingine. Yamepakwa vipini vya majembe na bawaba za milango, na mengine yamewashwa katika vibatari. Fedha za mwenye duka zililipwa nusu na mfuko wa chama na nusu na sisi wenyewe tuliohimiza ile haraka. Akina mama hawakudaiwa kitu. Mkutano wa kamati ulikubali jambo hilo bila ubishi mrefu.

Mwezi wa Agosti akina mama walipika tena. Safari hii hatukuwahimiza. Meli mbili ziliondoka bila sanduku letu, na ya tatu ilichukua chupa 12 tu, za kahawia, zenye namba na tarehe. Tulimwandikia mwenye duka khatua zote tulizozifuata, tukamwambia asitulipe mpaka auze, na akisikia harufu yoyote asingoje mteja. Alijibu kwamba atazipokea kwa kuonja. Mwezi uliopita alituma fedha za chupa tisa, na chini ya barua aliandika kwamba tatu zilizobaki amezinusa, nazo ni njema. Hakuagiza nyingine bado. Hatumlaumu. Mtu aliyekwisha rudisha sanduku zima ana haki ya kwenda pole pole.

Sasa mavuno yako mlangoni, na kila mtu atakuwa shambani. Twawaomba matawi yanayotaka kuanza kazi hii yangoje mpaka karafuu zimalizike kuanikwa, kisha yamtume mama mmoja au wawili kuja kuona kupika mpaka kunyamaza. Waje na kitambaa safi, na waje na sikio. Wasije na haraka. Na atakayetaka kuuza dukani aulize kwanza katika ofisi za serikali zinazosimamia vipodozi na viwango hapa Zanzibar, ajue anavyotakiwa kufanya. Chama kitamsaidia kuandika barua.

Karafuu yetu ina jina kwa sababu wazee wetu waliianika vizuri kabla ya kuiuza. Mafuta nayo hayataki kingine: yakauke kwanza, ndipo yasafiri.

Twawatakia mavuno mema na jua la kutosha.

Katibu wa Chama